Mishipa Minne ya Kichwani na Haki ya Aliyepooza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamsawazisha, akamtilia moyo kifuani na ubongo kichwani, na baina ya viwili hivyo akapitisha njia nyembamba ambazo uhai hupita humo usiku na mchana, nasi hatuna khabari nazo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, wanafunzi wa chuo chetu wameniomba mara nyingi niwaandikie juu ya ugonjwa wa kiharusi, kwani haupo mtaa ila umo mtu aliyepooza upande, na hapana ugonjwa ambao watu wanausemea maneno mengi pasina ilimu kuliko huu. Nimechelewa kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa utabibu si fani yangu. Mimi nimesomeshwa nahau na fikihi, na niliyoyajua katika mambo ya mwili nimeyataka kwa matabibu na kwa vitabu nikiwa mtu mzima. Ya pili ni haya. Kwani katika jambo hili mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu lilimpata mtu.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu mwaka 1434, yaani mwaka 2013. Jirani yangu, mzee aliyekuwa akishona kofia na aliyekuwa hakosi safu ya mbele, alikaa baada ya sala ya Alfajiri akivuta uradi. Tasbihi ikamwanguka mkononi. Akainama kuiokota, mkono wa kulia usimtii. Akataka kusema neno, mdomo ukaenda upande, na maneno yasitoke. Watu wakasema, "Mzee amepigwa na upepo." Wakambeba hata kwake, wakanijia mimi. Nami nikafanya lile ambalo watu wamezoea kulitaka kwangu: nikatwaa sahani nyeupe, nikaandika kombe kwa zafarani, nikaliosha kwa marashi, tukamwinua kichwa tukamnywesha. Alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Sisi tukasema, "Huyo pepo anakataa," tukamnywesha tena. Tukakaa naye tukisoma mpaka karibu na Alasiri, ndipo mtoto wake mmoja aliporejea kazini akampeleka hospitali. Tabibu aliuliza neno moja tu: "Imeanza saa ngapi?" Tulipomjibu, aliinamisha kichwa, kisha akatuuliza ni nani aliyemnywesha maji, kwani yaliingia mapafuni.

Basi tangu siku ile nilijilazimisha kuijua mishipa hii. Imepokewa kwa Imamu wetu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwamba aliigawa ilimu mafungu mawili, ilimu ya dini ambayo ndiyo fikihi, na ilimu ya dunia ambayo ndiyo utabibu. Sisi wafuasi wake tumelishika fungu moja, la pili tukaliacha kwa wengine, kisha tukajitia katika kazi yao.

Mwanafunzi aliyefika babu ya kuchinja katika Minhaji ya Imamu Nawawi tayari amekwisha kutajiwa shingo na vilivyomo. Amefundishwa kwamba kuchinja kunakohalalisha nyama katika madhehebu yetu ni kukata koo la pumzi lote na umio wa chakula wote, na kwamba kuikata na mishipa miwili ya kando ya shingo, iitwayo wadajaini, ni jambo linalopendekezwa. Aghlabu tunalisoma neno hilo upesi tukapita. Nawe msomaji weka vidole viwili kando ya kikoromeo chako, ubonyeze taratibu upande mmoja tu, wala usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Hicho kinachopiga chini ya vidole ni shiryani, yaani mshipa unaochukua damu kutoka moyoni kuipeleka juu. Ubavuni mwake mna mshipa mwengine, mpana na laini, usiopiga kwa nguvu, nao ndio unaoirejesha damu chini baada ya ubongo kwisha kuitumia. Huo wa kurejesha ndio Waarabu waitao waridi, si waridi la maua, na ndio uliotajwa katika Suratu Qaf, aya ya 16, pale Mwenyezi Mungu alipotujuvya kuwa Yeye yu karibu mno na mja kuliko mshipa huo. Sisemi kwamba aya imeteremka kufundisha utabibu. Wako watu siku hizi ambao kila jambo linalovumbuliwa hulitafutia aya wakaibandika, na mambo yakibadilika hubaki na aibu. Aya yasema juu ya ilimu ya Mwenyezi Mungu na ukaribu Wake. Lakini mwenye kuujua mshipa huo na kazi yake, akiisoma aya ile hutetemeka kuliko asiyeujua.

Sasa fuata njia ya damu tangu mwanzo. Kutoka upande wa kushoto wa moyo hutoka mshipa mkuu, mpana kama kidole gumba, ukapanda kidogo kisha ukapinda kama mpini wa bakora. Katika pindo lile huchipuka matawi. Upande wa kushoto, mshipa wa shingo huchipuka peke yake. Upande wa kulia hutoka shina moja, kisha likagawanyika, tawi moja likaenda mkononi na tawi moja likapanda shingoni. Mishipa hii miwili ya shingo Waarabu huiita ya subati, na subati maana yake ni usingizi mzito, ambalo ndilo neno lililotumika katika Suratu Nnabai. Wayunani nao waliipa jina lenye maana hiyo hiyo, kwani watu wa zamani waliona kuwa ikibanwa yote miwili mnyama au mtu huanguka kama aliyelala. Ndiyo sababu nikakukataza kuibonyeza pamoja.

Ifikapo usawa wa ukingo wa juu wa kikoromeo, kila mmoja hugawanyika mara mbili. Tawi la nje huenda usoni, taya, ulimi na ngozi ya kichwa. Ndilo linalopiga panjani mtu akikasirika. Tawi la ndani halitoi hata kijitawi kimoja shingoni. Hupanda moja kwa moja kama mjumbe aliyekatazwa kusimama njiani, likapenya tundu katika mfupa ulio kando ya sikio, likapindapinda ndani ya mfupa ule, kisha likatokea ndani ya fuvu. Hapo kwanza hulipa jicho haki yake, halafu hugawanyika mara mbili: mshipa wa mbele, upitao katikati ya nusu mbili za ubongo na kulisha mahali pa kuuendesha mguu, na mshipa wa kati, ambao ndio mkubwa, uendao ubavuni mwa ubongo na kulisha mahali pa kuuendesha uso na mkono, na kwa watu wengi, upande wa kushoto, mahali pa maneno.

Hiyo ni miwili. Iko miwili mingine ambayo kidole hakiifikii, na kisu cha mchinjaji kwa kawaida hakiigusi. Huchipuka katika mishipa iendayo mikononi, chini ya mtulinga, ikapanda kwa nyuma ndani ya mifupa. Katika kila pingili ya shingo mna matundu mawili madogo kando, na mshipa huu aghlabu huingia katika tundu la pingili ya sita ukihesabu kutoka juu, ukapanda tundu baada ya tundu kama uzi katika ushanga, hata pingili ya kwanza. Hapo huzunguka nyuma, ukaingia katika tundu kubwa la kitako cha fuvu. Miwili hii ikisha kuingia hukutana ikawa mmoja, ukapanda mbele ya shina la ubongo, ukilisha mahali pa pumzi, pa kumeza, pa kusimama sawasawa, na ule ubongo mdogo wa kisogoni. Mwisho hugawanyika tena mara mbili, ikaenda nyuma kulisha mahali pa kuona. Kwa sababu hii mtu aweza kupofuka hali macho yake ni mazima, na mwengine akayumba kama mlevi naye hajapata kuonja kileo. Nimeona kijana akisutwa kwa ulevi mbele ya watu, kumbe ni mshipa wa nyuma ulioziba. Na vinyozi wanaopenda kuivunja shingo ya mtu upande huu na upande huu mpaka ilie, na wajue kuwa ndani ya pingili zile mmepita mishipa hii, na ukuta wake huweza kuchanika.

Kisha tazama hekima. Mishipa hii minne haikuachwa kila mmoja na shamba lake. Chini ya ubongo imeunganishwa kwa vijishipa vya kupokezana, mmoja mbele na viwili nyuma, ikafanya mduara, ili njia moja ikiziba nyingine zipate kulisha upande ule. Mwenye kuueleza mduara huu vizuri na kuutafutia kazi yake ni tabibu wa Kiingereza, Thomas Willis, katika kitabu chake cha mwaka 1664. Yeye na mwenziwe walitia maji ya rangi katika mshipa mmoja wa shingo ya maiti, wakayaona yatokea katika mwengine. Naye alimpasua mtu aliyekufa kwa maradhi ya tumbo, akakuta mshipa wake mmoja wa subati umeziba kabisa, na mtu yule hakupata kiharusi katika uhai wake; ila mshipa wa nyuma wa upande ule ulikuwa umenenepa kupita kiasi, umeshika kazi ya mwenziwe kimya kimya. Lakini mduara huu si kwa watu wote umekamilika. Chini ya nusu ya watu ndio waliokutwa nao kamili kama uchorwavyo vitabuni. Wengine kijishipa kimoja ni chembamba kama unywele au hakipo. Hivyo watu wawili wakizibwa mahali pamoja, mmoja huamka akaenda sokoni na mwengine hainuki, na sababu imekuwamo ndani yao tangu matumboni mwa mama zao.

Hapa ningependa kumtaja mtu ambaye sisi Mashafii yatupasa kumjua kuliko tunavyomjua. Ni Ibnu Nnafisi, Alauddini, mzaliwa wa upande wa Damaski, aliyekufa Misri mwaka 687, sawa na 1288. Alikuwa mwanachuoni wa fikihi ya Shafii, akaisomesha katika madrasa ya Masruriya huko Kairo, na Taju ddini Subki amemtia katika Tabaka za Mashafii. Na huku alikuwa tabibu mkuu. Yeye katika sharhe yake juu ya viungo vya mwili vilivyotajwa katika Kanuni ya Ibnu Sina, alisema wazi kwamba damu haipenyi katika ukuta wa kati wa moyo kama alivyosema Jalinusi na wote waliomfuata, bali hupitia mapafuni. Miaka elfu na zaidi watu walikuwa wakisema lile la kwanza kwa kuwa mkubwa alilisema. Kitabu chake kikasahauliwa hata mwaka 1924, ndipo tabibu wa Kimisri, Muhyiddini Tatawi, alipokikuta katika maktaba ya Berlin. Nami humkumbuka kila nikisikia mtu akisema, "Wazee wetu walisema ni upepo, nani wewe wa kukanusha?"

Jalinusi huyo huyo alikosea na katika mishipa hii yetu. Alisema kwamba chini ya ubongo wa mtu mshipa wa shingo hugawanyika vijishipa vingi mno vilivyosukwa kama wavu, na Ibnu Sina akalipokea hilo. Wavu upo kweli, lakini ni wa kondoo, mbuzi na ng'ombe, aliowapasua, mtu hana. Vesalius alichora wavu huo katika karatasi zake za mwaka 1538, na mwaka 1543 akarudi akasema kuwa mtu hana wavu, na kuwa yeye mwenyewe alikosa. Jambo la wavu lina faida kwa mchinjaji pia. Kondoo na mbuzi ubongo wao hutegemea mishipa ya mbele tu, kwa hiyo ikikatwa fahamu huwatoka upesi; ng'ombe mishipa yake ya nyuma huleta damu katika ule wavu, na fahamu yake huweza kukawia zaidi. Mwenye kujua haya ataelewa kwa nini Mtume (S.A.W.) alituamrisha kukinoa kisu na kumpumzisha mnyama, na hatadharau yale yaliyopendekezwa juu ya wadajaini kwa kuwa si faradhi. Mwenye kumchinja ng'ombe kwa kisu butu asijipe moyo kwa kuona kwamba kondoo wa jana alitulia upesi.

Turejee kwa mgonjwa. Ubongo wa mtu ni kama ratili tatu, si zaidi ya sehemu 2 katika sehemu 100 za uzito wake, nao hupokea kama 15 katika 100 za damu inayotoka moyoni akiwa ametulia, kiasi cha robo tatu ya lita kila dakika, na hula kama 20 katika 100 za hewa safi inayotumika mwilini. Hauna ghala. Damu ikikatika yote, mtu huzimia kwa muda wa sekunde kama kumi. Kiharusi ni mshipa mmoja katika hii, au tawi lake, kuzibwa na donge la damu, na hii ndiyo aghlabu, au kupasuka. Na kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo huendesha upande wa kulia wa mwili, na kulia huendesha kushoto, mshipa wa kati wa kushoto ukiziba huanguka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakatika. Hayo ndiyo yaliyompata mzee wetu, moja kwa moja, wala hakukuwa na pepo hata mmoja katika chumba kile ila ujinga wetu.

Msinifahamu vibaya. Kuwako kwa majini kumethibiti kwa Kurani, na kumsomea mgonjwa ni suna, wala sijaacha kusoma. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo aliyesoma ruka ndiye aliyetuamrisha kutafuta dawa, akatujuvya kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Iko dawa ya kuyeyusha donge, iliyothibiti kwa majaribio tangu mwaka 1995, nayo hutiwa katika mshipa kabla ya kupita muda wa masaa 4 na nusu tangu ugonjwa kuanza. Na kila inapotangulia faida yake ni zaidi. Na tangu mwaka 2015 imethibiti kazi nyingine ya ajabu: tabibu huingiza waya mwembamba katika mshipa wa paja, akaupandisha katika njia ile ile tuliyoifuata, pindo, shingo, tundu la mfupa, hata kulifikia donge akalitoa. Najua kwamba haya hayapatikani katika kila hospitali yetu. Lakini hata pasipo hayo, mgonjwa aliyelazwa penye watu wanaojua kumtunza huokoka zaidi kuliko aliyelazwa kitandani kwake. Matabibu wamekadiria kuwa mshipa mkubwa ukiziba hufa ubongoni chembe hai kama milioni 2 kila dakika. Hesabu basi tangu Alfajiri mpaka Alasiri.

Kwa hiyo mtu akibadilika ghafla, mwambie atabasamu uone kama mdomo wakaa sawa. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie aseme Bismillahi. Likikosekana moja, tazama saa ngapi, uikumbuke saa hiyo kama unavyoikumbuka ya kuzaliwa mtoto, kwani ndiyo tabibu atakayokuuliza. Usimpe chakula, wala maji, wala kombe, wala asali, wala maji ya Zamzamu, kwa kuwa mahali pa kumeza huenda pamepooza, na baraka ikipita njia ya pumzi huua. Usimpe kidonge cha kulainisha damu ulichokuwa nacho nyumbani, kwani huenda mshipa umepasuka wala haukuziba, na jambo hilo halijulikani ila kwa picha ya kichwa. Mlaze kwa ubavu, mtafute gari, na Fatiha yako msomee humo garini.

Na liko jambo moja ambalo limewadanganya watu wengi kuliko yote. Pengine donge huwa dogo, likaziba kisha likayeyuka lenyewe. Mtu huona jicho moja limeshuka pazia jeusi, au mkono umekufa ganzi, au ulimi umekuwa mzito. Baada ya dakika chache yote yakaondoka. Ikiwa mganga alikuwapo, amekwisha kufukiza ubani na kusema maneno yake, basi husema, "Nimemtoa," akapewa kuku na fedha, na nyumba nzima ikafurahi. Kumbe ule ulikuwa mlango kubishwa. Baadhi ya hao hupata kiharusi kamili baada ya siku au majuma machache, na katika siku zile dawa za kuzuia zingalifaa mno. Mtu wa namna hii huenda hospitali siku ile ile, hata kama anatembea na kucheka.

Sababu kubwa ya yote ni shindikizo la damu, ambalo halina maumivu, na kwa hiyo watu hawaliamini. Humwona mtu amefunga Ramadhani akaviacha na vidonge vyake mwezi mzima, akidhani ni ukamilifu wa saumu. Hakuna aliyemkataza kuvila futari na daku kwa shauri la tabibu, na kama haiwezekani, Sharia imempa ruhusa ya kula. Tumbaku na sukari sizitaji kwa urefu. Kila mtu amekwisha kusikia.

Limebaki la haki ya aliyepooza, na hili ni la fani yangu.

Jirani yangu aliishi miaka miwili baada ya siku ile, bila ya maneno. Alikuwa akisema neno moja tu, "Hivyo, hivyo," kwa kila kitu. Jamaa zake wakamhukumu kuwa hana akili. Wakawa wanasema mambo yake mbele yake kama wasemavyo mbele ya ukuta. Sala wakaacha kumkumbusha, wakisema kalamu imeinuliwa. Naye mwanawe mkubwa alikuwa amekufa zamani akaacha mtoto mdogo, na mtoto huyo, kwa kuwa ami zake wako hai, hakuwa na fungu katika mirathi ya babu yake. Mzee kila akimwona humvuta kwa mkono wa kushoto, akaonyesha minazi nje ya dirisha, akasema, "Hivyo, hivyo," na kulia. Ami zake wakasema, "Mzee amekuwa kama mtoto."

Lakini mshipa uliyalisha maneno ndio uliokatika, wala si kila ufahamu. Wako ambao na kufahamu pia huwapotea. Basi hili halijulikani kwa kudhani, hujulikana kwa kujaribu. Nilikwenda na mashahidi wawili waadilifu. Nikamwuliza, "Wewe ni fulani?" nikataja jina la mtu mwengine, akatikisa kichwa kukataa. Nikataja jina lake, akainamisha. Nikamwuliza, "Leo ni Ijumaa?" nayo ni Jumatatu, akakataa. Kisha nikamwuliza juu ya minazi: kuiuza? Akakataa. Kumwachia mtoto wake wa pili? Akakataa. Kumwachia mjukuu? Akainamisha kichwa mara tatu. Nikaligeuza suali, "Mjukuu asipewe?" Akakasirika, akapiga godoro kwa mkono wake mzima. Tukaondoka, tukarudi baada ya siku nne, tukauliza yale yale kwa kuyapindua, na majibu yakawa yale yale.

Maulamaa wetu wamesema kuwa wasia wa aliyefungika ulimi ni sahihi kwa ishara yenye kufahamika. Na katika Sahihi mbili mna khabari ya msichana wa Madina aliyepondwa kichwa baina ya mawe mawili, alipoulizwa jina moja baada ya jingine aliashiria kwa kichwa kuwa siye, hata lilipotajwa jina la muuaji akaashiria kuwa ndiye, na Mtume (S.A.W.) akaifuata ishara ile, mtu yule akaletwa, akahojiwa akakiri. Ikiwa ishara ya kichwa kilichopondwa ilisikilizwa, vipi tusiisikilize ya mzee aliyekaa kitandani kwake? Wasia ulikuwa ndani ya theluthi, na mjukuu si mrithi, basi hapakuwa na la kuuzuia. Mambo yalifika kwa kadhi, mashahidi wakasema, akaupitisha. Mmoja katika wale ami hasemi nami hata leo.

Ama sala, haiondoki maadamu akili ipo. Mgonjwa huogeshwa udhu na mwengine, na mkono uliopooza huoshwa kama ulio mzima kwa kuwa upo. Akishindwa kusimama atakaa, akishindwa atalala kwa ubavu, akishindwa ataashiria kwa kichwa, kisha kwa kope, kisha ataipitisha sala moyoni mwake. Na yule ambaye alikuwa akisoma kisha ulimi ukafungika, atautikisa ulimi na midomo kwa Fatiha kadiri awezavyo, wala haidhuru ikiwa kinachotoka ni "Hivyo, hivyo." Aliyezimia hata wakati wa sala ukapita wote katika kuzimia kwake, halipi sala hiyo. Na wenye kumwuguza ndio watakaoulizwa kama walimgeuza kuelekea kibla na kumjuvya wakati umeingia, au walimwacha kwa kudhani kuwa hayumo.

Wallahu aalam.